Daktari alijuaje vali ya moyo imebana bila kumpasua mtoto?

Mama mmoja wa Shika Adabu, kule Likoni, ametuletea maswali ambayo hatukuweza kuyajibu kwa mistari miwili mitatu kama ilivyo kawaida ya ukurasa huu. Binti yake wa miaka 12 alianza kuhema kila walipopanda ule mteremko wa kutoka kwenye feri upande wa kisiwani. Mwanzo nyumbani walisema ni uvivu, baadaye wakasema ni pumu. Mwishowe walielekezwa hospitali. Huko daktari alimpaka binti mafuta ya ubaridi kifuani, akapitisha kifaa kidogo cha mkononi juu ya mbavu, akatazama kwenye kioo, kisha akaandika kwenye karatasi: 16. Alisema vali moja ya moyo imebana kwa sababu ya homa ya baridi yabisi, na kwamba siku za mbele huenda ikahitaji kufunguliwa au kubadilishwa.

Mama anauliza mambo mawili. La kwanza, daktari aliipataje hiyo 16 bila kisu? La pili, hizo vali za kutengenezwa, fundi wake alijuaje zitakavyokwenda ndani ya damu, mahali ambapo hakuna mtu aliyepata kuingia akaona?

Maswali yote mawili ni ya hesabu kuliko ya dawa. Msomaji asiogope. Hesabu yenyewe tutaieleza kwa maji ya bahari tunayovuka kila siku.

TANGA NDANI YA KIFUA

Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma kiasi cha lita 5 za damu kwa dakika, na kwa siku moja hupiga karibu mara 100,000. Una vyumba vinne na vali nne, na kazi ya vali ni moja tu: kuruhusu damu iende mbele na kuizuia isirudi nyuma. Vali iliyobana kwa binti huyu huitwa mitrali. Iko upande wa kushoto, kati ya chumba cha juu kinachopokea damu kutoka mapafuni na chumba cha chini kinachoisukuma mwilini.

Ukitaka kuijua sura yake, usifikirie mlango wa mbao wenye bawaba. Fikiria tanga la ngalawa. Vali ya mitrali ina majani mawili membamba, laini, na kingo zake zimeshikwa na nyuzi zilizofungwa kwenye misuli ya chumba cha chini. Upepo hulijaza tanga, na tanga likishajaa huugeuza upepo. Vivyo hivyo damu hulisukuma jani, nalo jani huielekeza damu. Nyuzi zile ni kamba za tanga: zikikatika, jani hupinduka na damu hurudi ilikotoka. Hakuna msuli unaovuta majani yafunguke. Ni damu yenyewe inayoyafungua na kuyafunga.

Homa ya baridi yabisi huliharibu tanga hili. Huanza na koo. Bakteria wa aina ya streptokokasi huingia kooni mwa mtoto, mara nyingi kati ya miaka 5 na 15. Koo huuma ghafla, homa hupanda, na tezi za shingo huvimba, kwa kawaida bila mafua wala kikohozi. Koo hupona lenyewe na watu husahau. Lakini baada ya wiki mbili au tatu kinga ya mwili, iliyojifunza kumpiga bakteria, huanza kuushambulia mwili wenyewe. Magoti na vifundo vya miguu huvimba, maumivu yakihama kutoka kiungo hadi kiungo. Viungo hupona. Moyo ndio hubaki na makovu, hasa homa ikirudi mara ya pili na ya tatu. Majani ya vali huwa mazito, kingo hugandana, nyuzi hufupika. Tundu lililopaswa kuwa na upana wa sentimita za mraba 4 hadi 6 kwa mtu mzima hupungua, na likishuka chini ya 1.5 hali huhesabiwa kuwa mbaya. Madaktari husema vali imekuwa mdomo wa samaki, na kila aliyepita sokoni atawaelewa.

Damu isiyopita hurudi nyuma kuelekea mapafuni. Ndiyo maana mtoto huhema kwenye mteremko, na ugonjwa ukizidi hushindwa kulala chali. Duniani watu zaidi ya milioni 40 wanakadiriwa kuishi na ugonjwa huu wa moyo, na sehemu zetu za Afrika ni miongoni mwa zilizoathirika zaidi. Mwaka 2018 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, ulipitisha azimio la kutaka nchi zichukue hatua.

ILE 16 ILITOKA WAPI

Kifaa alichopitishiwa binti hutoa sauti nyembamba mno isiyosikika kwa sikio. Sauti ile hugonga chembe za damu na kurudi. Matatu inapokuja mbio huku ikipiga honi, mlio huwa wa juu. Ikishapita, mlio hushuka. Christian Doppler wa Austria alieleza jambo hilo mwaka 1842. Kwa kupima mlio uliorudi umepanda kiasi gani, mashine hujua damu inakimbia kwa kasi gani kwenye tundu la vali.

Sasa, mto unapofika mahali pembamba, maji hukimbia zaidi. Kinachoyakimbiza ni tofauti ya shinikizo kati ya nyuma na mbele ya uwembamba ule. Katika miaka ya 1970 madaktari wa Norwei, Holen na baadaye Liv Hatle na wenzake, walionyesha kwamba kwa vali ya mitrali iliyobana unaweza kutumia kanuni fupi sana: chukua kasi kwa mita kwa sekunde, izidishe kwa yenyewe, kisha zidisha kwa 4. Jibu ni tofauti ya shinikizo kwa milimita za zebaki, kipimo kile kile cha presha ya damu.

Damu ya mtu mzima wa afya hupita hapo kwa kasi isiyozidi sana mita 1 kwa sekunde. Moja mara moja, mara 4, ni 4. Kama kasi ya binti ilikuwa mita 2, basi mbili mara mbili ni 4, mara 4 ni 16. Kasi imeongezeka maradufu tu, lakini mzigo wa moyo umekuwa mara nne. Mama, hiyo ndiyo 16. Kabla ya hapo ilibidi mrija upitishwe kwenye mshipa hadi ndani ya moyo ili kupata jibu hilo hilo.

Kanuni hii ni kama kibao cha barabarani: inakwambia umbali, haikwambii mashimo yako wapi. Haisemi damu inazunguka wapi baada ya kupita, wala inatuama wapi. Na damu iliyotuama huganda. Bonge likikatika na kupanda ubongoni, mgonjwa hupooza upande mmoja. Hapo ndipo tunapoingia swali la pili la mama.

VALI ZA MWANZO

Vali ya kwanza ya kutengenezwa kuwekwa kwa mafanikio mahali pa mitrali ilikuwa kazi ya daktari Albert Starr na mhandisi Lowell Edwards, Marekani, mwaka 1960. Ilikuwa kijipira ndani ya kizimba cha chuma. Iliokoa wengi, ila damu ililazimika kuuzunguka mpira, na mabonge yalikuwa tishio la kila siku. Baadaye zikaja vali za kisahani kinachoinama. Mojawapo, Björk-Shiley ya umbo lililopindwa, ilibuniwa ili damu ipite vizuri zaidi na mabonge yapungue. Ziliwekwa takriban 86,000 duniani. Kisha kijiti cha chuma kilichoshika kisahani kikaanza kuvunjika ndani ya miili ya watu, na mwaka 1986 vali hiyo ikaondolewa sokoni.

Kisa hiki hunisumbua kila nikisoma habari za vali. Waliobuni hawakuwa wajinga, na nia yao kuhusu damu ilikuwa njema. Lakini kisahani hakipishi damu tu: damu nayo hukipigiza kisahani kwenye kijiti makumi ya maelfu ya mara kwa siku. Ukitazama upande mmoja tu wa mapatano haya, upande wa pili utakudai.

Kutazama kwa macho ni kugumu. Leonardo da Vinci, yule mchoraji wa Italia, alijaribu mnamo 1513. Alifikiria kutengeneza mfano wa kioo wa mshipa mkubwa unaotoka moyoni, apitishe maji yenye mbegu ndogo za nyasi ili aone yanavyozunguka nyuma ya vali. Alichora visulisuli ambavyo vipimo vya karne ya 20 vilithibitisha. Lakini huwezi kutengeneza kioo kwa kila vali inayobuniwa, na majani ya kioo hayapepei.

WAVU, MABOYA NA MLANGO WA KILINDINI

Kanuni ya mwendo wa maji na vitu vyote vya majimaji ilikamilishwa na Navier wa Ufaransa mwaka 1822 na Stokes wa Uingereza mwaka 1845. Kwa ufupi inasema kila tone huongeza au kupunguza mwendo kwa kadiri linavyosukumwa na shinikizo na kukwaruzwa na majirani zake. Ni kanuni fupi kuandika, lakini ni ngumu mno kuitatua kwa kalamu.

Kwa hiyo wataalamu hutumia kompyuta na ujanja wa wavuvi. Chukua mlango wa bahari wa Kilindini pale Likoni. Huwezi kuhesabu tone moja moja. Tandaza wavu juu ya ramani yake, na katika kila tundu la wavu andika namba chache: maji yanaenda upande gani, kwa kasi gani, kwa shinikizo gani. Kisha ruka mbele kwa kipande kidogo cha sekunde. Kila tundu linawatazama majirani zake, linafuata kanuni ya Navier na Stokes, na linapata namba mpya. Rudia mara maelfu. Kadiri matundu yalivyo madogo, ndivyo picha inavyokaribia ukweli, na ndivyo kompyuta inavyochoka.

Gati haliendi popote. Matundu yanayoligusa huambiwa tu kwamba maji hayapiti hapa. Lakini feri inapoondoka, tundu lililokuwa maji sasa ni chuma, na lile lililokuwa chuma sasa ni maji. Hesabu yote ya kingo hubadilika kila hatua. Na feri ni kesi nyepesi, kwa sababu njia yake anaiamua nahodha. Unaweza kuiandika mapema.

Jani la vali halina nahodha. Huwezi kujua damu itapita wapi mpaka ujue jani liko wapi, na huwezi kujua jani liko wapi mpaka ujue damu imelisukuma vipi. Lazima yote mawili yapatikane kwa pamoja, hatua kwa hatua, mara nyingi ndani ya kila pigo la moyo.

Njia mojawapo ni kuufanya wavu wenyewe uvutike na kulifuata jani. Panapokuwa na mwendo mdogo, kwa mfano ukuta wa mshipa unaotanuka kidogo na kurudi, njia hii ni nzuri na jibu lake ni safi. Kwenye vali hukwama. Majani hufunguka kabisa kisha hugusana kabisa, na matundu yaliyokuwa katikati hubanwa mpaka hayana nafasi. Wavu hukunjamana, nawe unalazimika kuufuma upya kila mara, tena katikati ya kazi.

Mwaka 1972 kijana Charles Peskin, aliyekuwa akisomea shahada ya udaktari wa falsafa katika chuo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Yeshiva, New York, alitoa njia nyingine. Acha wavu ukae umenyooka, alisema, wala usimjulishe kama kuna jani. Jani lenyewe lifanye kuwa msururu wa nukta, mfano wa maboya yaliyofungwa kwenye kamba inayovutika. Wavu hauendi popote. Maboya yanaelea juu yake.

Kila hatua ina kazi chache. Angalia kamba imevutika kiasi gani kati ya boya na boya, upate nguvu. Nguvu hiyo igawie matundu machache ya wavu yaliyo karibu na kila boya. Kokotoa mwendo wa damu katika wavu wote kana kwamba hakuna jani kabisa, ila damu inasukumwa na nguvu zile. Kisha kila boya liulize matundu yale yale ya jirani: damu hapa inaenda wapi? Nalo liende nayo. Rudia.

Kwa maoni yangu uzuri wa njia hii ni kwamba haikumlazimisha mtu kuchagua nani aanze. Jani linaisukuma damu na damu inalibeba jani, katika hatua hiyo hiyo. Na damu haipenyi kwenye jani kwa sababu jani linakwenda kwa mwendo wa damu inayoligusa. Hapajabaki tofauti ya kupenya.

Haikosi kasoro. Nguvu ya boya inapogawiwa matundu kadhaa, ukingo wa jani huwa na ukungu, kama wino uliomwagikiwa maji. Jani likiwa gumu, hatua za muda lazima ziwe ndogo mno, la sivyo namba hulipuka na jibu huwa upuuzi. Maboya yakiachana, damu huvuja katikati. Kwa miaka mingi kompyuta hazikuweza kubeba wavu wa matundu madogo ya kutosha, hivyo hesabu za moyo mzima zilifanywa kwa damu ya kubuni iliyo nzito kuliko yetu. Peskin na mwenzake David McQueen hawakulificha hilo.

Hata hivyo wawili hao waliitumia njia hii kuchunguza vali za kisahani kabla hazijachongwa. Katika kazi waliyoichapisha mwaka 1983 walijaribu kuhamisha mahali kisahani kinapoinamia na kubadili mpindo wake, wakitafuta umbo ambalo damu haitatuama kwenye uwazi mdogo wa nyuma. Wangeweza kuharibu vali mia ndani ya kompyuta na hakuna mgonjwa aliyeumia. Leo watafiti huanza na picha ya moyo wa mgonjwa fulani na kujenga juu yake wavu wa pande tatu. Pigo moja la moyo, ambalo kifuani humalizika chini ya sekunde moja, linaweza kuishughulisha kompyuta kubwa kwa saa nyingi. Ndiyo maana kliniki bado inategemea ile kanuni ya mara 4.

SASA BINTI

Kwa vali ya mitrali iliyobana lakini majani yake bado ni laini, mara nyingi hakuhitajiki vali mpya. Mwaka 1984 Kanji Inoue wa Japani alitangaza njia ya kupitisha mrija wenye puto kutoka kwenye mshipa wa paja hadi kwenye vali. Puto likijazwa, kingo zilizogandana huachana. Kama nyuzi na majani yameshakuwa magumu kama ngozi kavu, puto halifai, na hapo ndipo upasuaji huzungumzwa.

Vali ya chuma hudumu muda mrefu, lakini humfunga mgonjwa kwenye dawa ya warfarini maisha yake yote ili damu isigande. Hapa kompyuta ya Peskin haina msaada, maana haijui mtu amekula nini. Mchicha, sukuma wiki na mboga nyingine za majani mabichi zina vitamini K, inayopunguza nguvu ya warfarini. Si kwamba zimekatazwa: zinatakiwa ziliwe kwa kiasi kile kile wiki hadi wiki, na damu ipimwe kama daktari alivyopanga. Dawa moja mpya zaidi, dabigatrani, ilijaribiwa kwa wenye vali za chuma. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha mabonge na kutokwa damu kulizidi, na jaribio lilikuwa limesimamishwa. Kwa msichana kuna jambo jingine ambalo mama afadhali alijue mapema: warfarini inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Kwa sababu hiyo uchaguzi wa vali kwa msichana huzungumzwa na familia kabla ya upasuaji, na akishakuwa mtu mzima, mimba hupangwa pamoja na daktari.

Lililo la mwezi huu ni sindano ya penisilini ya benzathini, kila wiki tatu au nne, ili koo lisiingiliwe tena na vali isipate kovu jipya. Inauma, na watoto huikimbia. Kaskazini mwa Uganda watoto na vijana 818 wenye dalili za awali kabisa za ugonjwa huu, zilizoonekana kwenye picha ya moyo tu, waligawanywa makundi mawili. Baada ya miaka miwili, katika kundi lililodungwa sindano kila mwezi ni watoto 3 waliozidiwa; katika kundi lisilodungwa walikuwa 33. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2021.

Katika barua yake mama ametaja kwamba binti hulala chumba kimoja na wadogo zake wawili. Bakteria hawa hupita kwa mate na kikohozi kwa watu wanaolala karibu karibu. Wadogo hao wakipatwa na koo la ghafla lenye homa, wapelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo na daktari aambiwe wazi kwamba dada yao ana ugonjwa wa vali. Na hata kama hawaumwi chochote, mama amuulize daktari wa binti kama nao wapimwe kwa kifaa kile kile kilichoandika 16.